Daktari Kimondo Ajitokeza

Watu wa Tanga walimpenda sana Daktari Kimondo, mwandishi wa riwaya za safari za anga, lakini hakuna aliyewahi kumwona. Jina hilo lilikuwa la wanawake wawili walioandika pamoja kwa siri: Siwatu, mwalimu wa fizikia, na Kibibi, fundi cherehani.

Siku ya uzinduzi wa kitabu chao kipya, kabla hawajajitambulisha, tajiri Shebuge alipanda jukwaani akatangaza, "Daktari Kimondo ni mimi!"

Ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Kibibi akaanza kulia. Siwatu akasimama na kumpelekea Shebuge nakala.

"Shikamoo, Daktari. Kitabu chote umekiandika wewe?"

"Marahaba, binti. Kila neno!"

"Hata ukurasa wa mwisho?"

"Huo niliuandika kwa machozi."

"Basi tusomee, na sisi tulie."

Shebuge akavaa miwani, akanguruma: "Wasomaji wapendwa, leo Daktari Kimondo anatoka mafichoni." Watu wakapiga makofi. "Sisi ni wanawake wawili, Siwatu na Kibibi, na mmoja wetu atajifungua mwezi ujao."

Ukumbi mzima ukalitazama tumbo la Shebuge.

"Hongera, mama!" akapaza sauti mtu wa nyuma.