Mbeleko za Bei ya Nne

"Bei haishuki peke yake," Bi Chausiku aliwaambia wajukuu zake, Sudi na Mwaka, waliporudi kutoka gulioni wakichekelea viatu walivyovipata kwa nusu ya bei. Wakambana awaambie msemo huo kautoa wapi, maana hawakuwahi kuusikia shuleni wala redioni. Bibi akasema si wa kale kama wanavyodhani, na waliouanzisha bado wapo hai, wanakula na kunywa kama wao. Akavua miwani, akawapa chanzo chake.

Palikuwa na ndugu wawili wa Tanga, wa tumbo moja. Mkubwa, Mwantumu, aliolewa akahamia Ujerumani, katika mji wa Hamburg, akafungua duka la mtandaoni la vitu vya watoto. Mdogo, Hidaya, alikwenda China kusoma, akamaliza, akabaki Guangzhou akiwanunulia watu bidhaa za jumla viwandani. Dada anauza, mdogo ananunua, biashara ikawa ya nyumbani.

Hidaya alitoka kwao na sifa moja, kupatana bei. Alijifunza kwa mama yao, soko la Ngamiani. Mama yule akishika kitenge, muuzaji alijua leo kapatikana. Atakishika, atakirudisha, ataondoka, ataitwa, atarudi. Muuzaji atalia kwamba anafilisiwa, watoto wake watalala njaa, kisha atakifunga kitenge kwenye gazeti na wote wawili watacheka. Kitenge ni kilekile. Kilichopungua ni faida ya muuzaji tu, naye alikwisha kuiongeza tangu asubuhi kwa kuwajua wateja wa aina hiyo.

Sasa Mwantumu alikuwa amekaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto. Watu walimsema mpaka wakachoka wenyewe, ndipo Mungu akamjalia Rahila. Alipokuwa akimbeba mgongoni kwa kanga, wanawake wa Hamburg walimsimamisha njiani wakitaka kujua mtoto amefungwaje. Akaona biashara hapo. Akampigia mdogo wake: "Nitafutie kiwanda kitakachotushonea mbeleko za kisasa, za kitambaa kigumu, zenye mikanda ya mabegani na bizimu za plastiki za kubania. Picha ya dukani nitapiga na Rahila mwenyewe. Watu wamwone."

Hidaya akapata kiwanda kidogo nje ya mji, cha mtu aitwaye Bwana Luo. Luo akashona sampuli. Hidaya akatia ndani mfuko wa mchele, akajifunga mgongoni, akarukaruka mpaka mafundi wakacheka. Mbeleko haikutikisika. Luo akataja bei, bei ya haki kabisa, na hapo mtu mwingine angeshukuru akatoa malipo ya awali.

Hidaya hakuwa mtu mwingine. Alikunywa chai ya Luo, akamsifia kiwanda, akaomba apunguziwe. Luo akabonyeza kalkuleta, akafikiri, akasema, "Inawezekana." Siku nyingine Hidaya akarudi, akaomba tena, akachukua mkoba na kuelekea mlangoni polepole, akisubiri kuitwa. Akaitwa. "Inawezekana." Mara ya tatu alimwomba kwa simu tu, kwa kujaribu bahati, na Luo akabonyeza tena kalkuleta, kisha akasema inawezekana.

Jambo moja lilimkera. Luo hakulia. Hakusema anafilisiwa, hakutaja watoto wake, na Ngamiani muuzaji asiyelia hajaumia. Hidaya alilifikiria hilo njia nzima akirudi kwake, kisha akampigia dada yake kumpa habari, na kigelegele cha Mwantumu kikamsahaulisha. Boksi la kwanza likatumwa kwa ndege moja kwa moja kutoka kiwandani ili picha zipigwe. Mzigo mkubwa ungefuata kwa meli.

Siku ya kufunga mzigo, Hidaya alikwenda kiwandani alasiri. Njiani alipata ujumbe kutoka Hamburg, ambako ndiyo kwanza asubuhi. Boksi limefika, mpiga picha amepatikana, wanakwenda kupiga picha kwenye daraja la waenda kwa miguu, lile linalopita juu ya reli. "Rahila kapendeza, mashallah," dada yake aliandika. Hidaya akatabasamu na kuingia ndani.

Akaokota mbeleko moja kwenye rundo. Ilikuwa nyepesi mkononi. Akaipindua, akaitazama, akaomba ule mfuko wa mchele. Akaufunga ndani, akabana bizimu, akajitweka. Kisha akajitikisa taratibu, kama mama anavyombembeleza mtoto wa mgongoni.

Bizimu ikalia ta! Mfuko ukaanguka sakafuni ukapasuka, mchele ukatawanyika mpaka miguuni mwa mafundi. Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine.

"Bwana Luo," Hidaya alisema, "hii si mbeleko niliyoijaribu."

"Siyo," Luo akajibu bila wasiwasi. "Ile ni ya bei ya kwanza. Hii ni ya bei ya nne."

"Umeifanya nini?"

"Ulipopunguza mara ya kwanza niliacha mshono wa pili. Mara ya pili niliondoa utepe wa ndani ya mkanda. Mara ya tatu sikuwa na cha kuondoa, nikabadilisha bizimu. Hizi ni za plastiki rahisi."

"Mbona hukuniambia?"

Luo alishangaa kwelikweli. "Nilidhani unajua. Kwenu bei ikishuka, inashuka na nini?"

"Inashuka na faida ya muuzaji!"

"Faida yangu hapa ni ndogo kuliko ukucha. Bei haiwezi kushuka peke yake, rafiki yangu. Lazima ishuke na kitu."

Hidaya hakuwa na nafasi ya kubishana. "Na boksi lililokwenda kwa ndege?"

"La bei ya nne," Luo alisema, na alipouona uso wake, naye akaanza kuogopa.

Simu ya Mwantumu iliita mpaka ikakatika. Hidaya akapiga tena, ikaita, ikakatika. Akalitafuta jina la shemeji yake. Alipolipata, Kassim alipokea akiwa bado na usingizi.

"Shemeji, dada yuko wapi?"

"Ametoka na mpiga picha, wako hapo darajani. Simu atakuwa kaitia kwenye mkoba. Kuna nini?"

"Mbeleko ni mbovu, shemeji. Inaachia. Kimbia! Usikate simu, kimbia!"

Kassim hakuuliza la pili. Hidaya akasikia mlango ukibamizwa, ngazi, kisha pumzi za mtu anayekimbia. Yeye alikuwa amesimama upande mwingine wa dunia, juu ya mchele uliomwagika, na hakuwa na la kufanya ila kusikiliza. Alimwomba Mungu kwa maneno ya mama yake, maneno ambayo hakujua kama bado anayakumbuka. Luo alisimama kando yake. Haelewi Kiswahili, lakini pumzi zile alizielewa.

Ikasikika treni ikipita, karibu kabisa. Kisha sauti ya Kassim, kali, ya kukwaruza: "Mwantumu! Mshike mtoto! Mikono nyuma, mshike!"

Na kwa mbali sauti ya dada yake, yenye kicheko: "Kassim? Umevaa ndala kwenye baridi hii?"

"Mshike!"

Ndipo Hidaya akaisikia. Ta! Ilikuwa sauti ileile. Mwanamke akapiga ukelele, simu ikagonga kitu kigumu, kisha kukawa kimya. Hidaya akakaa chini palepale.

Katika kimya kile mtoto akalia, kilio cha hasira, cha mtoto aliyeshtuliwa. Na Kassim, akihema kama atakata roho, akasema, "Ninaye. Ninaye, shemeji. Ninaye."

Hidaya akalia mbele ya kiwanda kizima, wala hakuona haya. Luo mwenyewe alimletea maji, kisha akawageukia mafundi akawaamuru wafumue mzigo wote. Ulishonwa upya kwa bei ya kwanza, na safari hiyo hakuna aliyeomba punguzo.

Mwantumu alipiga simu baadaye, mtoto akiwa amelala kifuani pake. Hidaya akamweleza yote, tangu chai mpaka kalkuleta, hakuficha kitu, akangoja atukanwe.

"Kumbe bei haishuki peke yake," dada yake akasema. "Nami nikapiga vigelegele, mdogo wangu. Kumbe ile ilikuwa inashuka na Rahila."

Bi Chausiku akavaa miwani yake. Wajukuu walikuwa wameacha kucheka. Sudi aliutazama mfuko wa viatu uliokuwa mapajani mwake, akatoa kimoja, akakipinda taratibu kwa mikono miwili. Soli ikafunguka kama mdomo.

"Ndiyo hivyo, wajukuu zangu," bibi akasema. "Bei haishuki peke yake."