Hodi ya Ambakisye

Kitendawili, ninyi mnaonisikiliza: Naita kutwa, koo haliniumi, na wa chumba cha pili hajanisikia.

Mmeshindwa? Nipeni mji basi. Mmenipa Tukuyu. Haya, nimekwenda Tukuyu, nimekula ndizi zake, nimelowa mvua yake, nimerudi. Jibu ni mtu anayeita moyoni. Huita, huita, na kesho yake humnunia jirani kwa sababu hakuitika.

Asubuhi mmemsikia mama yenu akimwambia dada yenu Tulinagwe, anayefunga sanduku la kwenda chuo, "Kumbuka, hodi ya moyoni haifungui mlango." Mkacheka, mkaja kuniuliza hodi ya moyoni inapigwaje, na maneno hayo yametoka wapi. Sogeeni. Na hayo maharage endeleeni kuyachambua, maana mkono hausikilizi hadithi.

Hodi ya moyoni haifungui mlango. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na chuo kikuu huko nyanda za juu, kimezungukwa na misitu ya misindano pande zote. Ukungu wa pale haukuwa na adabu. Uliingia madarasani bila kitambulisho, ukakaa viti vya nyuma, na saa nne ukatoka bila kuaga. Katika chuo hicho alikuwapo kijana wa mwaka wa pili, Ambakisye, akisomea misitu. Hakuna mtu aliyependa miti kuliko yeye. Alikuwa akipita chini ya msindano anaugusa, kama unavyomgusa ng'ombe wenu mkikutana njiani.

Mvua za kwanza za mwaka ule zilimpiga siku tatu mfululizo. Akapata homa, homa ikapanda masikioni, masikio yakatoa usaha wiki nzima. Yalipokauka, dunia ilikuwa imesogea mbali. Akawa kama mtu aliyeingiza kichwa mtungini. Waliokuwa nje ya mtungi aliwasikia kama watu wa ng'ambo ya mto, na yeye mwenyewe akisema neno, lilivuma humo ndani kama ngoma ya msiba. Akaogopa kuwapigia watu kelele, akaishusha sauti. Akaishusha tena. Mwisho, alichokiona yeye ni kuongea, wenzake walikiona ni kupumua.

Siku za mwanzo hata aliipenda hali ile. Mvua ilianguka juu ya mabati kama inaanguka juu ya pamba. Ndege walifumbua midomo kama wanaopiga miayo. Misindano iliyumba bila sauti, na yeye akatembea katikati yake kama mtu anayeota huku anajua kwamba anaota, na hana haraka ya kuamka.

Ila darasani ndoto haina alama. Dakta Mahimbo, mwalimu wao wa vipimo vya miti, alikuwa na mazoea ya kufundisha akiutazama ubao, mgongo kwa wanafunzi. Matangazo yake aliyatoa mwisho kabisa, watu wakiwa wanasukuma viti. Ambakisye alikuwa ameanza kusoma midomo ya watu, lakini mgongo hauna midomo.

Mtauliza kwa nini hakusema. Alikuwa na sababu, na kwake ilikuwa nzito. Mwaka wa kwanza walipelekwa msituni kwa mafunzo, na msimamizi wa wakata miti akawaambia, "Mti husema kabla ya kuanguka. Asiyesikia asije huku." Maneno yale yalimkaa Ambakisye. Akajiambia, siku nitakayosema sisikii, ndiyo siku watakayonitoa kwenye misitu. Bora ninyamaze.

Basi akanyamaza, akajifunza neno moja la kumkinga. Neno lenyewe ni "haya". Ukimwambia chakula tayari, haya. Ukimwambia umekaa juu ya kofia yangu, haya.

Mwenzake wa chumbani, Zabloni, alimpa jina la Mheshimiwa. "Huyu si mwenzetu," aliwaambia watu. "Unamwita mara tatu, hageuki. Akigeuka anakupa haya moja, kama anakupa kiwanja."

Sasa kozi ile ilikuwa na sheria zake, zimeandikwa kwenye karatasi waliyopewa siku ya kwanza. Atakayekosa majaribio mawili bila sababu iliyokubaliwa hatafanya mtihani wa mwisho. Mwenye sababu aipeleke kwa Mshauri wa Wanafunzi, mwisho Ijumaa ya wiki ya kumi na mbili, saa kumi jioni. Ambakisye aliijua karatasi ile kwa moyo. Mtu asiyesikia husoma mpaka maandishi ya kwenye kiberiti.

Lakini tarehe za majaribio hazikuandikwa popote. Zilitangazwa kwa mdomo, na mdomo ulikuwa umeelekea ubaoni. Wiki ya tano alikwenda darasani, akakutana na wenzake wanatoka, kila mmoja na kalamu mkononi. Wiki ya tisa ikawa hivyo hivyo.

"Lakini nilikwambia," alisema Zabloni, sasa bila utani. "Jana jioni umeme ulipokatika. Nikakwambia kesho kuna jaribio, ukasema haya."

Gizani midomo haisomeki. Ambakisye alimtazama, akasema, "Haya."

Jumatatu ya wiki ya kumi na mbili karatasi ilibandikwa ukutani. Majina manne, la tatu lake. Wanafunzi wa pale mtu akifukuzwa masomo husema amedisko, na sheria ya misitu ilikuwa kwamba asiyefanya mtihani wa kozi ile amedisko, anarudi kwao na sanduku lake. Chini ya majina paliandikwa tena habari ya Mshauri na Ijumaa, saa kumi jioni.

Huyo Mshauri aliitwa Bi Nyamizi. Kazi yake ilikuwa hiyo hasa: mwanafunzi aliyefiwa, aliyeugua, asiyeona vizuri, aliyeshindwa kula au kulala, aende kwake. Yeye angemwandikia barua mwalimu, angempeleka kwa daktari, angetafuta namna jaribio lifanyike upya. Ofisi yake ilikuwa mwisho wa baraza refu, mlango wa kioo kile cha ukungu kinachoonyesha kivuli tu.

Ambakisye akaenda siku ileile. Kwao alikozaliwa, mgeni hupiga hodi tatu. Asipokaribishwa, hurudi alikotoka, kwa sababu anayesukuma mlango wa mwenzake ni mbuzi. Akasimama, akasema hodi. Ikavuma kichwani mwake. Hodi. Hodi. Mlango ukakaa kimya. Akarudi, akasema hayupo.

Jumatano akaenda tena. Safari hii aliona kivuli cha Bi Nyamizi nyuma ya kioo, kinainua kikombe cha chai. Akapiga hodi tatu, akaona zimevuma mpaka akaogopa kioo kitapasuka. Kivuli kikanywa chai. Kikakiweka kikombe chini. Kikafungua faili.

Hapo ndipo moyo ulipomuuma. Ananisikia, akawaza, ila hanitaki. Ameshaliona jina langu ukutani. Akaondoka akapita chini ya misindano bila kuugusa hata mmoja.

Alhamisi alikunja nguo zake. Ijumaa alizikunjua, akazikunja tena. Saa tisa na nusu, sijui ni nini kilichomwinua, akajikuta barazani mbele ya kioo kile. Ukungu ulikuwa umerudi mapema, umejaa baraza zima. Akasema hodi. Akasema hodi.

Alikuwapo mwanamke aliyekuwa akideki baraza lile kila siku, jina lake Mama Sekela. Alikuwa nyuma yake hatua mbili.

"Baba, unamsemesha nani?" aliuliza.

Kimya.

"Wewe baba mwenye shati la mistari."

Mama Sekela akamgusa bega kwa mkono uliolowa. Ambakisye akaruka, akageuka, macho yakaenda moja kwa moja midomoni mwa yule mama.

"Unafanya nini hapo?"

"Napiga hodi, mama."

Mama Sekela akasogea mpaka karibu wagongane vichwa. "Unapiga nini?"

"Hodi."

"Hodi? Tangu Jumatatu nakuona unasimama hapo unatikisa midomo. Nikasema kijana wa watu anasali, nisimkatize. Leo nimetaka nikuitikie amina."

"Kila nilipokuja nimepiga. Amekataa kuniitikia."

"Hajakataa, hajasikia. Mimi niko mgongoni kwako hapa, na masikio yangu husikia panya akiwazia unga. Sijasikia kitu." Akaegemea dekio lake, akamtazama kwa huruma. "Baba yangu, hodi ya moyoni haifungui mlango."

Kisha, kabla kijana hajasema haya, akaligeuza dekio, akagonga mlango kwa mpini wake. "Hodi humu! Bi Nyamizi, una mgeni wa tangu Jumatatu."

Kumbe mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Ukasogea wenyewe. Bi Nyamizi alikuwa amesimama, mkoba begani, mwavuli mkononi. Akaviweka chini.

"Karibu, mwanangu. Kaa." Akageukia kabati kutafuta fomu, akauliza huku amempa mgongo, "Una shida gani?"

Ambakisye akaketi. "Haya," akasema.

Bi Nyamizi akageuza shingo. Akamtazama kidogo, akairudisha shingo kabatini makusudi, na safari hii akauliza kwa sauti zaidi, "Nimeuliza, una shida gani?"

"Haya, mama."

Bi Nyamizi alifunga kabati taratibu. Miaka aliyokaa katika ofisi ile ilikuwa imemfundisha kusikiliza hata majibu yasiyolingana na maswali. Lakini sheria ilimtaka mwanafunzi aseme mwenyewe, kwa kinywa chake au kwa kalamu yake, na kama isingekuwa sheria ingekuwa heshima, maana shida ya mtu ni yake, humtangulii kuitaja. Akaja akakaa mbele yake, uso kwa uso, dirisha likimwangaza. Akachukua karatasi nyeupe akaandika kwa herufi kubwa: UNA SHIDA GANI? Akaisukuma katikati ya meza, akaweka kalamu juu yake. Saa ya ukutani ilikuwa kumi kasoro dakika kumi.

Swali likalala pale mezani.

Najua mnavyopenda kujua mwisho kabla ya mwisho, kwa hiyo huu nawapa sasa, mtulie. Sikio moja daktari alilisafisha, akalitibu, likafunguka. La pili lilibaki lilivyo. Dakta Mahimbo alipata barua, na tangu hapo akawa anaandika matangazo yake ubaoni, akafundisha akitazama watu, na hata wale wenye masikio mazima wakashukuru. Ambakisye aliwekwa kiti cha mbele. Majaribio yote mawili alifanya upya. Zabloni aliacha kumwita Mheshimiwa, akawa anamtupia kandambili kila anapotaka kumwita. Na yule msimamizi wa wakata miti alipoulizwa, akasema wala hakuwa na maana hiyo. Asiyesikia asije peke yake, ndivyo alivyotaka kusema. Wakampa mwenzake wa kumgusa bega mti unapoanza kusema. Nawaambieni, amekuwa bwana misitu mpaka mvi zimemwota.

Lakini dakika zile kumi yeye hakuyajua hayo. Aliyoyajua ni kwamba akinyamaza amedisko, na akisema, kwa mawazo yake, misitu imekwisha. Akaitazama karatasi. Akajibu moyoni, jibu likavuma. Akajibu tena, likavuma zaidi. Bi Nyamizi alikuwa anangoja, mikono imekaa juu ya meza. Mtungi ule ulikuwa na joto lake ndani. Mtu anaweza kukaa humo miaka, asisumbue mtu, asisumbuliwe.

Kasoro dakika tatu aliinua macho. Mlangoni alikuwa bado amesimama Mama Sekela na dekio lake, ukungu umemzunguka miguuni. Alikuwa hana ruhusa ya kusema katika ofisi ya watu, basi hakutoa sauti. Alitembeza midomo tu, neno moja baada ya jingine, polepole, na katika mtungi ule maneno yakaingia yote, hakuna hata moja lililopotea:

Hodi ya moyoni haifungui mlango.

Ambakisye akavuta pumzi, kama mtu anayetaka kumwita mwenzake aliye upande wa pili wa bonde. Akajibu kwa sauti iliyowageuza hata waliokuwa mwanzo wa baraza.

"Sisikii, mama. Tangu mvua za kwanza, masikio yangu hayasikii."