Injini Iliyokufa Ikagombewa

Kaeni vizuri, na mwenye kutafuna atafune polepole, maana mwishoni nitauliza, na sitaki kujibiwa na mdomo uliojaa.

Walikuwepo wanaume watatu huko Upareni, juu kwenye mashamba ya tangawizi. Mbazi, dereva, alijaliwa masikio: gari likiwa bado bondeni, yeye keshajua linaumwa wapi. Mrindoko, fundi, alijaliwa mikono: chuma kilichowakatalia wengine, kwake kilikubali. Kadeghe alijaliwa mdomo: alikuwa akipata vitu visivyopatikana, na mwenye kitu akabaki anamshukuru kwa kukichukua. Pia alikuwepo mjane, Nakiete, mke wa marehemu kaka yake Kadeghe. Huyu alijaliwa shaka. Ukimpa chumvi, anaionja kwanza.

Mumewe alimwachia Landrova kuukuu, gari pekee lililofika kijijini. Ndilo lililoshusha tangawizi na wagonjwa, na ndilo lililomlisha. Lakini injini ilikuwa imechoka. Kwenye kona moja kali, abiria walishuka wakasukuma, hata bibi harusi na shela lake, mpaka kona ikaitwa Shukeni. Wenye tangawizi wakaanza kuulizia punda. Gari likisimama, na Nakiete amesimama.

Akawaita watatu hao uani, akawapa chai. "Niitengeneze injini hii, au nitie nyingine?"

"Itengeneze," akasema Mbazi. "Hii ya petroli naijua kama mke wangu."

"Mkeo si alikukimbia?"

Nakiete alijua kitu. Kijiji hakina kituo cha mafuta, lakini pikipiki zilikuwa zikinywa petroli ya gari lake nyuma ya nyumba ya Mbazi. Injini nyingine ikija ya dizeli, zitakunywa nini?

"Tia nyingine," akasema Mrindoko. "Silinda zimechongwa mpaka hazichongeki tena. Hii imekufa, mama."

Nakiete akamtazama. Fundi alikuwa na mashine ya kusaga isiyo na injini, kuku wanatagia ndani. Hii kuukuu ikitoka kwenye gari, macho ya nani yataifuata?

"Tia nyingine, shemeji, na ipo," akadakia Kadeghe. "Dizeli, safi, nimeiona mjini kwa macho yangu."

"Na wewe unakula upande gani?"

"Shemeji! Gari la kaka yangu, nile?"

"Kunywa chai yako."

Sasa amwamini nani? Akangoja siku ya msaragambo, watu wote wakiwa barabarani wanafukia mashimo kwa pamoja. Kule, neno ukilisema mbele ya majembe, limesemwa, hulirudishi mdomoni. Akapanda juu ya kifusi. "Natia injini nyingine. Atakayelipitisha gari langu Shukeni, watu wamekaa, injini ya zamani ni yake!"

Kadeghe akateremka mjini, akarudi na injini ya dizeli inang'aa kama kaburi jipya. Wakaiwasha gereji, chini kwenye ardhi. Mbazi akainamisha sikio.

"Inagonga huko ndani. Hii siyo."

"Unagonga wewe!" Kadeghe akaruka. "Dizeli huitaki, unadhani hatujui?"

Nakiete hakumwamini yeyote. Akaagiza oili imwagwe, akaichuja kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikabaki na vumbi la chuma, linametameta. Kadeghe jasho likamtoka. Akaipakia, akarudi nayo mjini, na mdomo ule ukafanya kazi yake: muuzaji akampa nyingine, tena akamsindikiza. Mbazi akasikiliza tena, muda mrefu, watu wakijua atakataa tu.

"Hii nzima," akasema, kwa uchungu wa mtu anayetoa ng'ombe.

Ikabaki kuifunga. Ilikuwa ndefu, miguu yake haikai kwenye chesisi, na gia boksi haiitambui. Mrindoko akakata, akachoma, akachonga bamba la chuma la kuziunganisha mbili hizo. Nakiete akaweka kigoda hapo hapo gereji, anachambua tangawizi, macho kwake.

"Hiyo nati imekwenda wapi?"

"Mfukoni, mama. Mikono imejaa."

"Itoe mfukoni."

Siku ya kujaribu, gari likajaa watu na magunia. Kufika Shukeni, abiria wakaruka chini bila kuambiwa, mabega tayari kusukuma. Mazoea hayo! "Rudini ndani, nyie!" Nakiete akapiga kelele. Wakarudi, wakashikana. Gari likaunguruma, likapinda, likapanda, wamekaa wote. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka juu.

Kesho yake wote watatu walikuwa uani, wamesimama kando ya injini kuukuu.

"Bila mimi mngefunga mbovu," akasema Mbazi. "Na nina pampu ya bustani. Petroli ya kuiendeshea bado ninayo ya akiba," akasema, kisha akafumba mdomo haraka.

"Bila mimi mngefunga nini? Hewa?" akasema Kadeghe. "Tena ni kumbukumbu ya kaka yangu."

"Bila mimi ingekuwa bado chini inachezewa na watoto," akasema Mrindoko.

Nakiete akaizunguka. "Fundi, si ulisema imekufa?"

"Imekufa kwa mlima, mama. Kusaga mahindi hakuna mlima."

"Maiti gani hii inayogombewa na wanaume watatu?" Akaikalia, kanga akaibana. Sasa akawaza: labda nilidanganywa, labda ilikuwa ya kutengenezwa tu. Lakini alikwishasema mbele ya majembe. Na kijijini hakuna dereva mwingine, hakuna fundi mwingine, na kipuri kikihitajika hakuna mdomo mwingine. Akimpa mmoja, wawili wananuna, na gari litasimama. Asipompa mtu, nani atamwamini tena barabarani?

Msaragambo umeitwa kesho. Nakiete yuko juu ya injini yake, watu wanamngoja aseme.

Haya, meza kwanza. Wewe ungempa nani: aliyesikia, aliyetafuta, au aliyefunga? Au ungebaki umekaa juu yake?