Mkwe Aliyetaja Uyoga

Haya, sogeeni, masikio mbele, vidole mbali na pua... Mbona mnacheka? Ndevu? Aa, huo ni mchuzi. Nilikuwa naonja chumvi tu.

"Chumvi gani hiyo, babu, mpaka chungu kinaonesha kitako?"

Basi, nimekamatwa! Nimetembea mimi, hata nchi za baridi nimefika, ambako kuna uyoga wenye vishimo kama sega la nyuki, wanaukaanga kwa siagi. Nikaula, nikalamba kijiko cha watu. Lakini uyoga wa kichuguu ukiungwa kwa karanga, mkono wangu hauna mwenyewe.

Sasa sikilizeni. Hapo kale, mawe yalipokuwa bado yanajifunza ugumu, palikuwa na mzee aliyeitwa Uyoga. Na mila ya huko, mke wa mwana haonani na baba mkwe, wala halitaji jina lake. Kumtaja ni kumtukana, unarudishwa kwenu.

Mwanawe akamwoa Tusekile. Maskini, atafanyaje? Akichuma uyoga, alichuma "kile." Akiosha, aliosha "kile." Akiunga kwa karanga, aliunga "kile." Na wote wakazoea.

Siku moja Tusekile yuko mtoni, mama mkwe akachuma mwenyewe, akapika mwenyewe, akapakua. Bakuli la kuku, bakuli la uyoga, akampelekea mumewe barazani. Tusekile aliporudi jikoni akaona vishina vilivyokatwa. Akakiokota kimoja. Lo! Chini kina kikombe, kama ganda la yai lililopasuka. Uyoga wa kichuguu hauna kikombe, watoto. Wenye kikombe unaua.

Akapiga kelele nyuma ya ukuta wa matete wa baraza: "Baba, msile! Kile kina sumu!"

"Kile kipi, mwanangu?"

"Kile chenye mguu mmoja!"

Mzee akachungulia bakuli la kuku. Paja moja tu! Akamtazama mkewe, mkewe akatazama dari. Akalisukuma bakuli la kuku.

"Chenye kofia, baba!"

"Ndiye huyu huyu, jogoo mwenye kilemba. Nimemwacha. Ngoja nile huu."

Mnasema angejibu, "Hapana, hicho kingine"? Ninyi mmekaa hapa mmeshiba! Yeye alisikia bakuli likiburutwa, tonge linapanda. Adabu ikadondoka:

"Uyoga ni sumu! Uyoga anaua! Mtupeni Uyoga!"

 

"Umesikia?" mama mkwe akafoka. "Kakutaja, kakutukana, kataka utupwe! Afunge mzigo, arudi kwao!"

Tusekile akaketi chini, kishina mkononi, machozi tayari. Mzee akaomba apitishiwe hicho kishina juu ya matete. Akakigeuza. Akakiona kikombe. Taratibu, akaliweka tonge chini.

Watoto, adabu ni nguo, na nguo huvaliwa na aliye hai. Kisa changu kimeiva, nakiepua. Kifuniko atafunika mzee mwenyewe. Alimgeukia mkewe, akasema:

"Angelichunga jina langu, sasa hivi mngeniita marehemu. Mwaga huu, leta kuku, na lile paja jingine lirudi."