Mvuke wa Subilaga

Mficha mvuke hukosa pumzi. Mmemsikia leo shangazi yenu akimrushia Bupe maneno hayo, kwa kuwa Bupe amesuka mtindo mpya na hataki kuwaambia wenzake ni nani aliyemsuka. Mmecheka, kisha mmenigeukia mimi na kuniuliza methali hiyo imetoka wapi, utadhani methali zote nimezizaa mimi. Haya, endeleeni kumenya ndizi, masikio hayashiki kisu. Chimbuko lake ni hili.

Kule Rungwe, kwenye baridi inayomfanya mtu ayaogope maji, wake wa ndugu wawili waliishi katika uwanja mmoja. Mke wa kaka mtu aliitwa Subilaga, na mke wa mdogo mtu aliitwa Ikupa. Mama mkwe wao, Bibi Sekela, alikaa katika nyumba ya katikati. Tangu alipoolewa, Subilaga ndiye aliyemchemshia mama mkwe maji ya kuoga. Alichochea kuni, akapuliza moto mpaka machozi yakamtoka, kisha akabeba ndoo hadi bafuni. Ukoo mzima ulijua kwamba maji ya mama ni kazi ya Subilaga. Hakuwa na shamba la kujivunia, wala watoto wake hawakupata kazi za maana mjini. Ndoo ile ndiyo iliyokuwa cheo chake.

Basi mume wa Ikupa akamletea mkewe mtambo wa kuchemshia maji kwa gesi. Kilikuwa kisanduku cheupe kilichotundikwa ukutani, nje ya bafu, na mtungi wa gesi ukakaa pembeni. Ukifungua bomba tu, moto unawaka wenyewe humo ndani, na maji yanatoka yakiwa ya moto. Kila asubuhi mvuke mweupe ulipanda kutoka kwenye ukuta ule, uwanja mzima ukiutazama. Haikupita muda Bibi Sekela akavuka uwanja, kanga begani, akaenda kuoga kwa Ikupa. Alirudi uso umemnawiri, akasema, "Maji yale yanafika mpaka kwenye mifupa."

Subilaga aliyasikia maneno hayo akiwa ameshika ndoo yake. Moyo ulimwuma. Yeye mwenyewe hakuuita wivu, aliuita heshima. "Maji ya gesi hayana baraka," aliwaambia wanawake wenzake sokoni. "Mzazi anaogeshwa kwa jasho la mkwe, si kwa kufungua bomba." Wanawake waliitikia, huku nao wakitamani mtambo kama ule. Lakini kila alipouona mvuke wa Ikupa ukipanda, aliusukuma uji wake kando. Wivu wa mume una nafuu, wajukuu zangu, maana mume huzeeka mkamwachia yeyote anayemtaka. Wivu wa sifa hauzeeki.

Mwisho Subilaga aliuza mbuzi wake akaagiza mtambo kama ule kutoka Mbeya. Sasa akabanwa na ulimi wake. Alikuwa ameutukana mtambo mbele ya watu, na ukuta wa nje wa bafu lake ulitazamana na jiko la Ikupa. Akiutundika pale, Ikupa angesema, "Kumbe dada naye ameniiga." Afadhali afe kuliko kulisikia neno hilo.

"Mama, mahali pa kitu hiki ni nje," fundi Lwitiko alimwambia. "Moto wake unavuta hewa kama sisi. Ukiufungia ndani hewa ikapungua, unatoa sumu isiyo na harufu. Mtu analala asiamke."

"Weka ndani," alisema Subilaga.

Fundi alibishana naye mpaka akachoka. Akauweka ndani, lakini alipitisha bomba la kutolea moshi ukutani hadi nje, na akamwapisha Subilaga kwamba dirisha la bafu halitafungwa kamwe mtambo ukiwaka. Subilaga aliapa. Fundi alipoondoka, aliwasha mtambo, akatoka nje kutazama. Bomba lilikuwa linatema mvuke mweupe, nao ukaelekea moja kwa moja jikoni kwa Ikupa.

Hapo wivu ukafanya kazi yake. Alichukua sweta kuukuu akaliziba bomba lile, na dirisha akalijaza gunia. Kisha akaingia kunawa miguu, akatoka kichwa kinamgonga. Akasema ni baridi ya Rungwe.

Asubuhi ya Pasaka alimwita Bibi Sekela kabla Ikupa hajamwita. Mama mkwe aliingia bafuni akakaa kwenye kigoda, maana alipenda kuyaacha maji yamtiririkie mgongoni. Subilaga alisimama mlangoni na taulo, akisikiliza maji yakimwagika. Alijiona amerudi kwenye cheo chake. Ikupa akaja, amebeba kanga safi ya mama.

"Dada, mama yuko kwako?"

"Anaoga. Leo anaoga kwangu."

Ikupa alitega sikio. "Huo mvumo si wa mtambo wa gesi?"

"Kwani ulitengenezewa wewe peke yako?"

"Hapana, dada, nimefurahi." Ikupa aliinua macho akautazama ukuta. "Lakini mbona sioni mvuke? Unatokea wapi?"

"Nimeuziba," Subilaga alisema. "Au ulitaka na mvuke wangu uwe wako?"

Ikupa aliiangusha kanga chini. "Mama!" aliita. Ndani maji yaliendelea kumwagika, na hakuna aliyeitika.

Aliusukuma mlango. Bibi Sekela alikuwa ameanguka kando ya kigoda. "Mshike mama wewe, mkono wako ameuzoea," Ikupa alisema. "Bana pumzi, mtoe nje. Mimi nafunga mtungi." Subilaga alimkumbatia mama mkwe na kumkokota mpaka uwanjani, penye upepo. Ikupa alifunga gesi, akalivuta gunia dirishani, akatoka anakohoa. Wakamfunika mama kwa ile kanga, wakamkimbiza hospitali.

Alipewa hewa ya mtungi, na Mungu akamrudisha. Aliporejea nyumbani aliwaita wakwe zake wote wawili. Subilaga alipiga magoti akasema yote, sweta na gunia, bila kuficha kitu.

"Unajua kwa nini nilianza kuoga kwa Ikupa?" Bibi Sekela alimwuliza.

"Maji yake yalikuwa ya moto zaidi, mama."

"Ya kwako yalikuwa ya moto vilevile. Macho yako ndiyo yaliyonishinda. Kila asubuhi uliniletea ndoo na macho mekundu kwa moshi. Nikasema, mwanangu huyu atapofuka kwa ajili ya mgongo wangu."

Subilaga alilia. Miezi yote ile alikuwa ameuonea wivu upendo wa mama uliokuwa wake mwenyewe.

"Ungeuacha mvuke wako uonekane," mama aliendelea, "mimi ningeshangilia, na mwenzako angekufundisha namna ya kuutumia. Mficha mvuke hukosa pumzi, mwanangu. Na safari hii pumzi yenyewe ilikuwa yangu."

Fundi Lwitiko aliitwa tena, akauhamishia mtambo nje, kwenye ukuta ule ule unaotazamana na jiko la Ikupa. Siku ulipowashwa, Ikupa alichungulia akasema, "Dada, mvuke wako umeuzidi wangu." Subilaga alicheka. Wivu ulimchoma kidogo, maana haumtoki mtu kwa siku moja, lakini dirisha la bafu alikuwa ameliacha wazi.

Kwa hiyo, Bupe, waambie wenzako ni nani aliyekusuka. Mficha mvuke hukosa pumzi.