Mtunza Ngao

Mtu mmoja alikuwa na kazi ya kutunza ngao za mji. Jina lake Shekiondo. Fundi akileta ngao, yeye huzilowesha mtoni kutwa nzima, kisha huzichoma mkuki. Mkuki ukipenya, ngao hiyo huitupa. Usipopenya huitundika ghalani, vijana waichukue siku ya vita.

Mwaka mmoja fundi alileta ngao mia, nzuri kwa macho. Shekiondo akaichoma ya kwanza, mkuki ukapita kama unachoma papai. Juu ngozi ya mbuzi iliyopakwa rangi, ndani ganda la mgomba. Akajaribu ya pili, ya kumi, ya hamsini. Hakuweza kuliacha jambo hilo, maana mdogo wake Mdoe alikuwa mlinzi wa lango, na ngao yake ingetoka humo humo.

Mji ulikuwa na sheria, tena sheria nzuri, msije mkasema haikuwapo. Anayeona hatari aiseme barazani, na asidhuriwe. Basi akaenda akasema. Wazee wakamsifu mpaka akaona haya. Kisha wakamweleza kwamba shauri halisikilizwi huku mlalamikaji ameshika ghala. Desturi ni akabidhi ufunguo kwanza. Naye, kwa kuwa alikuwa mkweli na alidhani wenzake ni kama yeye, akaukabidhi. Lo! Wakampa shemeji wa fundi yule yule wa ngao.

Shauri likaahirishwa kwa ajili ya mavuno, kisha matanga, kisha mvua. Hakuna aliyemdhuru, kweli. Ila pombe ikipikwa hakuitwa, na mkewe akifika kisimani wenzake walikumbuka ghafla kazi za nyumbani. Husemwa msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Sawa, lakini Mungu hakai jirani naye.

Mwaka wa tatu maadui wakaja. Mdoe akaletwa nyumbani kwa machela, ngao yake imelazwa kifuani, ina tundu katikati. Shekiondo akatia kidole katika tundu lile, akagusa ganda la mgomba. Alilia mpaka sauti ikamkauka.

Mwaka wa saba baraza likakata shauri: Shekiondo alisema kweli. Mkuu wa baraza akamnyooshea ufunguo mbele ya watu wote.

"Haki yako hii hapa, bwana," alisema. "Pokea, yaishe."

Akapokea. Akaenda ghalani, akakuta ngao mpya zimejaa ukutani. Akashusha moja, akailowesha kutwa kama zamani, akaichoma. Mkuki ukapita. Akamwaza mkewe kisimani, akamwaza Mdoe. Halafu akaipangusa maji, akaitundika, akaifunika kwa nyingine tundu lisionekane, akafunga mlango.

Sasa niambieni, ninyi mnaolala raha ndani ya mji ule: nani anawalinda?