Sanda ya Mama Tekla

Wametusimulia waliotutangulia katika imani kwamba palikuwa na mjane wa Kinubi, jina lake Damiana, aliyejaaliwa kwenda kuhiji Yerusalemu zamani zile ambapo safari ilikuwa ya miguu na ngamia, na anayeondoka huagwa kwa vilio kana kwamba anazikwa. Siku ya kuondoka, jirani yake Mama Tekla, ajuza aliyekwisha kushindwa hata kufika kanisani, alimkabidhi sanda. Pamba yake aliisokota kwa mkono wake mwenyewe kwa miaka mitatu, na kwenye pembe moja aliitarizi msalaba wa uzi wa buluu.

"Mwanangu, mimi miguu imenikatalia," alimwambia. "Nichovyee hii katika maji ya Yordani, alipobatizwa Bwana wetu, nizikwe nayo. Sina haja nyingine duniani."

Damiana akaipokea amana ile kwa mikono miwili, akaifunga pamoja na sanda yake mwenyewe, maana ndiyo iliyokuwa desturi ya mahujaji wa nchi yao. Alisali Bethlehemu, akalia Golgotha, kisha akateremka na wenzake mpaka Yordani. Mto ulikuwa umejaa. Akaingia hadi kiunoni, sanda mkono huu na sanda mkono huu, akazizamisha kwa jina la Utatu Mtakatifu. Mara mguu ukateleza. Walipomvuta ukingoni alikuwa na sanda moja tu. Akazitazama pembe zake zote nne, akazirudia. Hazikuwa na msalaba.

Basi raha ya hija ikamtoka palepale. Wenzake waliimba zaburi njia nzima. Yeye hakuimba nao. Mwenzake wa safari, Eufemia, mwanamke mwenye huruma kuliko busara, akamwambia, "Dada, mbona unajitesa? Uzi wa buluu ninao. Tarizi msalaba kwenye yako, umpe. Utakuwa umemdhulumu nini? Sanda itakuwa ya Yordani kwelikweli."

Na hoja ile, ndugu zangu, ilikuwa tamu. Damiana akatunga uzi kwenye sindano. Akashona mshono wa kwanza, akaufumua. Akashona tena, akafumua tena. Kila walipokaribia nyumbani hofu ilizidi, hata siku moja akajikuta akiomba amkute Mama Tekla amekwisha kufariki, asije akaulizwa. Aliposikia moyo wake ukiomba hivyo, alijiogopa mwenyewe. Akamrudishia Eufemia uzi wake.

Alimkuta hai, lakini kwa taabu. Ajuza alilazwa mlangoni, ambako walimtoa kila asubuhi ili aweze kuitazama njia.

"Damiana, umerudi! Iko wapi?"

Damiana akapiga magoti. Maneno aliyoyapanga siku arobaini yalimpotea yote. "Mama, sanda yako imechukuliwa na mto. Niliteleza, nikaiachia. Hii ni yangu, nayo imezama Yordani. Nakuomba uipokee, na unisamehe."

Damiana hakuthubutu kuinua uso. Alitamani atukanwe, yaishe.

"Haikurudi?" ajuza akauliza.

"Haikurudi, Mama."

"Imebaki huko? Ileile niliyoisokota mimi?"

"Imebaki huko."

Ajuza akaanza kucheka, huku machozi yakimtiririka. "Miaka yote nimelia kwamba nitakufa sijafika. Kumbe nimefika, tena nimebaki! Yako kaa nayo, mwanangu. Mimi nifungeni shuka hili ninalolalia."

Siku ya tatu akafariki, nao wakamzika kwa shuka lake la kulalia kama alivyousia.

Tazameni, wapendwa. Lau Damiana angeumaliza ule msalaba wa uzi, Mama Tekla angepata kitambaa, akaikosa furaha ile, na wala asingejua amekosa nini. Nasi tunapomficha mtu ukweli kwa kumhurumia, hatujui tunamnyima nini. Mwenyezi Mungu atujalie ulimi wa kweli, hasa saa ile tunapoogopa.